Nukta Iliyopotea: Uchambuzi wa Kisa cha Mapambo ya Idd Yaliyodariziwa Nyumbani Pemba

## Nyumba na watu wake

Kisa hiki kimetokea katika nyumba moja ya mjini Pemba, kuanzia mwezi wa Rajabu hadi Mfungo Tatu, yaani mwezi wa Hija, mwaka ambao Idd el Fitr iliangukia tarehe 10 Aprili 2024. Wenye nyumba wameniruhusu nikisimulie kwa sharti la kutotaja mji, mtaa wala majina, na baadhi ya mambo yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa.

Mwenye nyumba nitamwita Bi S. Ni mwalimu wa skuli na mama wa watoto watatu. Anaishi na mama mkwe wake, mtu mzima aliyewahi kushona kofia za mkono kwa miaka mingi, na wifi yake ambaye hajaolewa. Mimi ninafundisha kudarizi, na Bi S. alikuwa mwanafunzi wangu kwa muda wa miezi mitatu kabla ya haya. Kwa hiyo katika kisa hiki nimo, na mojawapo ya makosa makubwa ni langu.

Mshono wenyewe ni ule wa msalaba: mishono miwili mifupi inayokatana mfano wa alama ya kuzidisha, mraba kwa mraba, kwa kuhesabu. Hauchorwi juu ya kitambaa. Unafuata mchoro wa karatasi, na daftari la hesabu la mtoto wa skuli, lile lenye miraba, linatosha kabisa. Kitambaa walichotumia ni aida namba 14, maana yake miraba 14 ndani ya inchi moja. Uzi wa kudarizi huja nyuzi sita nyembamba zilizolala pamoja. Kwa aida namba 14 unachomoa mbili tu, na sindano inakuwa butu ili isichane kitambaa.

Bi S. alitaka nyumba yake ivae Ramadhani na Idd. Tumezoea kuona mapambo ya plastiki na ya karatasi yakija mjini kila Shaabani, yakitundikwa na kuchanika kabla ya Idi Nne. Yeye alitaka kitu cha kukaa miaka, watoto wakue nacho.

## Mpango wa mwanzo

Tarehe 6 Rajabu alinionesha orodha yake. Pambo la ukutani la ukumbini, lenye maneno "Idd Mubarak" kwa herufi za Kiarabu, mwezi mwandamo na fanusi. Vibendera kumi vya pembe tatu vya kutundikwa juu ya mlango, kila kimoja kina neno "Idd". Mito minne ya makochi, kila mmoja una "Bismillahi" katikati. Na kitambaa cha kufunikia sinia ya futari, chenye "Bismillahi" katikati na ukingo wa vikonyo vya karafuu pande zote nne.

Nilifurahi kuuona ule mchoro wa karafuu. Aliutoa kichwani mwake mwenyewe: kikonyo cha kijani na kichwa cha rangi ya damu ya mzee, kimekaa katika miraba tisa kwa kumi na tatu. Kwa furaha ile sikumuuliza swali ambalo mwalimu anapaswa kuuliza kabla ya uzi kukatwa: kazi yote hii ni mishono mingapi?

Alianza na pambo la ukutani kwa sababu ndilo alilolipenda zaidi.

## Hesabu iliyochelewa

Tarehe 15 Shaabani nilipita kwao. Pambo lilikuwa limefika nusu, na kitambaa kilikuwa na alama ndogo ya kahawia karibu na fanusi. Sindano iliachwa imechomekwa siku tatu wakati Bi S. akiuguza mtoto, na kwa hewa yetu ya bahari siku tatu zinatosha kutu kuingia kwenye uzi wa pamba. Mama mkwe alitaka kupitisha ndimu na chumvi, lakini ndimu iliyo karibu na uzi wa rangi inaweza kuichubua. Tukaamua kuifunika ile alama kwa nyota ndogo ambayo haikuwemo kwenye mchoro. Leo ukiliona pambo lile utadhani nyota ilikusudiwa.

Baadaye tukakaa barazani na daftari. Tulihesabu hivi: pambo la ukutani mishono 6,200; vibendera kumi 4,200; mito minne 14,000; kitambaa cha sinia 5,600. Jumla 30,000. Nikamwomba Bi S. adarizi mbele yangu huku natazama saa, na katika dakika thelathini alitoa mishono 55. Ni mwendo mzuri kwa mtu wa miezi mitatu, lakini kwa mwendo huo kazi yote ilihitaji zaidi ya saa 270. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano Ramadhani iingie.

Bi S. alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, basi niache?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Huachi, mwanangu. Punguza."

## Maamuzi ya barazani

Maamuzi matano yalifanyika jioni ile, na nayaeleza kwa uzito wake.

La kwanza lilikuwa la maneno, na lilitoka kwa mama mkwe. Aliuchukua mchoro wa mto, akautazama, akasema jina la Mungu halikaliwi wala haliegemewi. Akaendelea na kitambaa cha sinia: mchuzi utamwagika juu ya Bismillahi, kisha kitafuliwa, na maji yale yatamwagwa wapi? Mimi nilikuwa nimeuona mchoro ule tangu Rajabu na jambo hilo halikunipitia akilini. Tuliafikiana kwamba maandishi yote yakae ukutani na juu ya mlango, na vitu vya kukaliwa na kuliwa juu yake vipate maua na karafuu tu. Ni uamuzi wa adabu, na pia uliokoa kazi, kwa sababu kufuta maneno kulifanya mito isiwe tena kitu cha lazima kwa Idd.

La pili: mito yote minne iondolewe, isubiri Idd el Haj, tarehe 10 Mfungo Tatu. Hapo mishono 14,000 ilitoka mabegani mwao.

La tatu: ukingo wa kitambaa cha sinia uwe pande mbili badala ya nne. Sinia la futari likikaa mkekani watu hulizunguka, na pande mbili za kitambaa hufichwa na mikono na vibakuli.

La nne lilikuwa kupanga upya zamu. Bi S. alianza na pambo la ukutani, kitu kisichohitajika hadi Idi Mosi, na kitambaa cha sinia, kinachohitajika usiku wa kwanza wa kufuturu, alikiweka mwisho kabisa. Tukageuza: sinia kwanza, pambo la pili, vibendera mwisho.

La tano: wifi aingie kazini. Alijua kushona, ingawa mshono huu alikuwa hajaufanya. Nilimwonesha kwa dakika kumi nikaondoka, nikiwa na haraka ya chombo. Dakika kumi hazikutosha.

Kulikuwa pia na jambo dogo la mwaka. Bi S. alitaka kudarizi "1445", mwaka wa Hijria, chini ya mwezi. Nilimshauri aitoe, kwa kuwa pambo lenye mwaka hudumu msimu mmoja machoni pa watu. Mwaka ukaandikwa nyuma, kwenye bitana, pamoja na herufi za majina yao.

## Maji mekundu

Kitambaa cha sinia kilimalizika tarehe 27 Shaabani. Kesho yake Bi S. alikifua ili kiwe safi kwa mwezi mtukufu. Alichemsha maji, akatia sabuni ya unga, akakiloweka na kwenda jikoni. Aliporudi beseni lilikuwa la waridi. Uzi wa damu ya mzee ulikuwa umetoa rangi, na rangi imetambaa kwenye aida nyeupe kuzunguka kila karafuu.

Alinipigia simu akilia. Swali langu la kwanza lilikuwa: kimekauka? Hakijakauka. Umekipiga pasi? Hapana. Nikamwambia basi kipo, usikianike, usikikamue, na usitie dawa yoyote ya kung'arishia. Kitie kwenye maji baridi mengi, kiinue, mwaga maji, tia mengine, uendelee hivyo mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Rangi iliyotoka kwenye uzi na kuganda juu ya kitambaa bado inaweza kuondoka ikiwa kitambaa ni kibichi. Ikikauka hung'ang'ania, na pasi ikipita juu yake ndiyo imekwisha.

Walibadilisha maji mara kumi na moja, wakipokezana, mpaka karibu na adhana ya magharibi. Kisha kikalazwa juu ya taulo jeupe, taulo jingine juu yake, kikakandamizwa kwa viganja. Hakikutundikwa kambani, kwa sababu kitambaa kinachoning'inia hushusha maji yenye rangi hadi kwenye pindo na kuacha mstari. Siku ile mawingu yalikuwa mazito, kikakaukia ndani juu ya meza.

Matokeo: waridi hafifu ilibaki kwenye pembe mbili. Mgeni haioni. Bi S. anaiona kila akikitandika.

Nyuzi zile zilinunuliwa katika duka moja la mjini, za kupimiwa, hazina karatasi ya kiwandani wala namba ya rangi. Nyeupe, kijani na dhahabu za pale pale hazikutoa rangi. Ni ile ya damu ya mzee peke yake. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyoiva ndizo za kutilia shaka siku zote, na jaribio lake ni la dakika moja: chukua kipande cha bafta nyeupe, kiloweshe, ubane uzi ndani yake kwa vidole. Kipande kikipata rangi, uzi huo uoshwe maji baridi mara kadhaa na ukaushwe kabla haujaingia kwenye sindano.

## Mwezi wa vipande viwili

Ramadhani ilianza, kitambaa kikafunika sinia usiku wa kwanza, juu ya mihogo ya nazi na kaimati. Pambo la ukutani lilikamilika siku ya tatu ya mfungo. Wifi alidarizi sehemu ya chini ya mwezi mwandamo, Bi S. ya juu. Mchana mwezi ulikuwa mmoja. Usiku, taa ya ukumbi ikipiga kutoka pembeni, ilionekana miezi miwili: nusu inang'aa dhahabu, nusu imefifia kama shaba, na uzi ni ule ule.

Sababu ni mlalo. Kila mshono wa msalaba una mguu wa chini na mguu wa juu. Bi S. alimaliza kila mmoja kwa mguu wa juu unaolalia kulia; wifi yake, kwa mkono wake, aliumaliza kwa kulalia kushoto. Uzi wa pamba wa kudarizi, uliotiwa dawa kiwandani, una mng'aro, na mng'aro hufuata mlalo wa uzi. Mshono mmoja mmoja hutaona tofauti, lakini mia nne zikikaa pamoja, utaona.

Tulijadiliana kwa simu kama wafumue. Kwenye herufi, ambako wifi pia alitia mkono, nilisema waache, kwa kuwa herufi ni vipande vyembamba vilivyotawanyika na jicho halipati mahali pa kulinganisha. Mwezi ni bapa moja kubwa, tena uko katikati. Walifumua mishono 380 na kuirudia, kazi ya saa nne na zaidi katika usiku ambao wengine walikuwa tarawehe. Bado naona ulikuwa uamuzi sahihi. Mama mkwe aliushikilia mkasi mwenyewe. Anasema alipokuwa akishona kofia, kazi yenye mikono miwili haikupokelewa.

Hili lingezuiwa kwa mshono mmoja mkubwa wa mfano kwenye pembe ya kitambaa, nje ya mchoro, ambao kila mdarizi angeutazama kabla ya kuanza. Nilipaswa kuuweka mimi siku ile ya dakika kumi.

## Nukta

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Herufi za Kiarabu zina mikunjo, na aida haijui mkunjo, inajua mraba tu. Kwa hiyo kwenye pambo tulitumia mwandiko wa Kufi wa mraba, wenye kona, ambao unakaa vizuri kwenye miraba. Neno "Idd" lilichukua miraba 60 kwa upana. Lina aini, ye na dali. Ye ikiwa katikati ya neno ni jino dogo tu lenye nukta mbili chini yake. Kila nukta tuliipa miraba miwili kwa miwili, na mraba mmoja mtupu kati yao. Ilisomeka barabara.

Vibendera vilikuwa vidogo, kwa hiyo Bi S. aliupunguza mchoro nusu: kila miraba minne ikawa mmoja, upana ukawa miraba 30, kama sentimita tano na nusu kwenye kitambaa. Akanitumia picha ya mchoro mpya. Niliitazama kwenye simu, nikaona aini imekaa, dali imekaa, nikamjibu aendelee.

Ule mraba mtupu kati ya nukta mbili, ukigawanywa nusu, haubaki kitu. Nukta zikagusana. Kila moja ilikuwa mshono mmoja, usiofika milimita mbili, na mbili zilizogusana zikawa nukta moja nene. Na jino lenye nukta moja chini si ye tena. Ni be.

Vibendera kumi vilikwisha tarehe 26 Ramadhani. Siku ya pili yake, nyumba ikioshwa na mapazia yakibadilishwa, walivitundika juu ya mlango. Mtoto wa pili wa Bi S., ana miaka tisa na yuko chuoni, yaani madrasa, alisimama chini yake akasoma kwa sauti ile ile wanayosomea chuoni, herufi kwa herufi, kisha neno. Akageuka, "Mama, mbona wameandika abdi?"

Walinyamaza wote. Watu wazima wanne walikuwa wameviangalia vibendera vile kwa wiki tatu wakisoma "Idd", kwa sababu walijua vinapaswa kusema "Idd". Mtoto alisoma kilichoandikwa.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mepesi kuliko fadhaa yake. Kwenye kila kibendera walifumua mshono mmoja wa nukta na kuusogeza mraba mmoja kando, ili pabaki uwazi. Mshono mmoja wa kutoa, mmoja wa kutia, mara kumi. Kwa kuwa uzi wa vibendera ulikuwa kijani kilichoiva, tundu lililofumuliwa liliacha kivuli, wakalisugua kwa ncha ya sindano butu mpaka nyuzi za aida zikarudi mahali pake. Kazi yote haikumaliza saa moja.

## Idi na baada ya Idi

Idi Mosi ilikuta pambo ukutani na vibendera mlangoni. Watoto wa mtaa waliokuja kudai sikukuu yao walipita chini yake, na baadhi yao walisimama kusoma. Kitambaa cha sinia kilikuwa kimefanya kazi mwezi mzima na kufuliwa mara nne kwa maji baridi, bila kutoa rangi tena. Mito miwili ya karafuu ilitoka kwa Idd el Haj. Miwili mingine haijaanza hadi naandika.

Kabla ya kuhifadhi, masika yakiwa yamepamba moto, vitu vilikaushwa siku mbili ndani, vikapigwa pasi upande wa nyuma juu ya taulo, kisha vikavingirishwa kwenye bafta badala ya kukunjwa. Bi S. alitaka kuvitia kwenye mfuko wa plastiki. Nilimkataza, kwa sababu plastiki hufungia unyevu ndani, na kwetu unyevu uliofungiwa ni ukungu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kupunguza, na kupunguza kulikuja kwa sababu hesabu ilipigwa hadharani, na watu wote wa nyumba wamekaa. Laiti ningempa Bi S. ile hesabu peke yake kwa simu, naamini angeacha au angekesha hadi saa nane za usiku kwa mwezi mzima. Mama mkwe aliingiza adabu ya maneno, wifi akaingiza mikono yake. Kwa mwaka uliofuata hesabu ilipigwa mapema zaidi, maana mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Anayekumbuka tu kwamba mwaka jana alianza katikati ya Januari atakuwa amechelewa.

Kilichoshindwa kina sura moja, ingawa kilitokea mara tatu. Uzi haukujaribiwa kabla, mlalo wa mshono haukuwekewa mfano, mchoro uliopunguzwa haukusomwa upya. Kila mara tuliangalia kitu tukaona tulichotarajia. Kwenye uzi na mlalo hasara ilikuwa ya macho na saa. Kwenye nukta ilikuwa ya maana ya neno, na hapo lawama yangu ni kubwa zaidi, kwa kuwa ninaandika Kiarabu na niliidhinisha picha kwa kuitupia jicho.

Mchoro wenye maandishi haupunguzwi kwa kugawanya. Unachorwa upya, ukianza na nukta: weka kwanza nukta na uwazi kati yake, kisha jenga herufi juu yake. Ikiwa nafasi haitoshi nukta mbili zenye mraba mtupu kati yao, neno ni dogo mno kwa kitambaa hicho. Hapo chukua aida yenye miraba midogo zaidi, namba 18, au achana na neno ushone mwezi. Na kabla ya sindano, mpe mchoro mtu ambaye hajaambiwa umeandika nini, asome.

Nyumba ile sasa wana daftari jipya la miraba. Rajabu iliyofuata Bi S. alichora humo "Ramadhan Karim" kwa ajili ya mlango wa jikoni, na kila nukta ameiweka kwa kalamu nyekundu, kabla ya herufi. Kabla hajaanza alimwita yule mtoto kutoka uani, akamfunulia ukurasa bila kusema neno, akasubiri.